Fizi: Kazi zinafundishwa kwenye simu, shule ziko wapi?

Desemba 2020, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kwamba linafunga kazi zake wilayani Fizi, Kivu Kusini. Lilikuwa katika mji wa Baraka tangu 2003. Mwaka huo watu wake walishambuliwa mara mbili, nalo likaona haliwezi tena kuwatuma kazini huku roho zao ziko hatarini. Habari za siku zile zilizungumzia vitanda, dawa na wagonjwa watakaobaki bila msaada, na zilistahili kufanya hivyo. Ila kulikuwa na hasara nyingine isiyoandikwa sana. Pamoja na magari yale yaliondoka mafunzo ya kazini: muuguzi kijana kusimama kando ya daktari mzoefu, kumtazama anavyombana mtoto ngozi ya tumbo kujua amepungukiwa maji kiasi gani, kumuuliza jambo ambalo asingethubutu kuliuliza darasani.

Shule humpa mtu msingi wa kazi. Ufundi wenyewe huja kwa kukaa karibu na aliyekutangulia. Hapo ndipo Fizi inapopata taabu, kwa kuwa aliyekutangulia yuko mbali. Wilaya hii ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yaani zaidi ya nusu ya Burundi nzima. Barabara ya taifa namba 5 inashuka kutoka Uvira ikifuata Ziwa Tanganyika hadi Baraka, kisha inapanda kuelekea Fizi na kusonga mbele hadi Kalemie, na mvua ikinyesha sawasawa hata pikipiki hukwama. Kwenda vijiji vya rasi ya Ubwari watu hupanda boti. Wakufunzi waliokuwa wakitoka Bukavu nao njia yao imekuwa ngumu zaidi: Februari 2025 mji ule uliingia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na Desemba ya mwaka huohuo vita vikaifikia Uvira yenyewe.

Katika hali hiyo watu wa kazi wamejitafutia shule, na shule hiyo imo ndani ya simu. Wauguzi na wakunga wana makundi yao ya WhatsApp. Walimu wanayo. Waandishi wa redio za kijamii wanayo, na mawakili pia. Makundi hayo hayana jengo wala cheti, na hakuna wizara iliyoyaandikia mtaala. Hata hivyo, humo ndimo maswali magumu ya kazi yanamoulizwa kila usiku. Makala haya yana hoja moja: shule hiyo ya simu ni kitu chema ambacho Fizi haiwezi kukikosa, na kwa sababu hiyohiyo haifai kuachwa ijiendee bila kanuni na bila walimu.

Usiku mmoja wa kipindupindu

Tuchukue mfano. Kipindupindu si mgeni katika mwambao huu. Tangu miaka ya 1970 kinaondoka na kurudi, kwa kuwa maji ya ziwa ndiyo yanayonywewa, ndiyo yanayoogewa, na wavuvi wa ndagala hawakai kambi moja. Tuseme saa tatu usiku mtumbwi unaleta mzee kwenye kituo cha afya cha Ubwari. Macho yameingia ndani, ngozi ikibanwa hairudi upesi, mapigo ya mkononi hayasikiki vizuri. Muuguzi aliye zamu yuko peke yake. Hesabu anaijua tangu darasani: maji ya mshipani mililita 100 kwa kila kilo ya mgonjwa, 30 za kwanza ziingie ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Mzee ana kilo kama 50, kwa hiyo ni lita tano kwa saa tatu. Tatizo ni kwamba miguu ya mzee imevimba na familia inasema siku nyingi anahema akipanda mlima. Je, moyo wake utazibeba lita tano?

Kitabu hakimjibu. Anarekodi sauti ya nusu dakika na kuituma kwa wenzake: umri, uzito, mapigo, pumzi, miguu, maji aliyo nayo stoo. Mwenzake wa upande wa Nundu anajibu kwamba aanze bila kuchelewa, maana mgonjwa asiye na mapigo mkononi anakufa kwa kukosa maji kabla moyo haujapata nafasi ya kumsumbua. Mwingine anaongeza kwamba asimwache hata kidogo: kila dakika 15 arudi kuangalia mapigo, ahesabu pumzi, asikilize mapafu, na akisikia yanakoroma apunguze kasi. Wa tatu anauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: je, mzee anatumia dawa yoyote ya moyo? Familia inaulizwa, na jibu linarudi kundini.

Yaliyopita hapo ni somo kamili. Muuguzi amepata uamuzi wake, na wenzake kadhaa walioamka asubuhi wakasikiliza zile sauti bila kusema neno wamejifunza jambo ambalo siku moja litawafikia. Msomi wa Marekani Henry Jenkins, aliyechunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotengeneza na kugawana mambo yao badala ya kuyapokea tu, aliuita mtindo huu utamaduni wa ushiriki. Sifa zake ni chache: mlango uwe mwepesi kuingia, mzoefu amshike mkono mgeni, na kila mmoja aone kwamba mchango wake una uzito.

Watu wa Fizi hawakuhitaji kuagiza utamaduni huo kutoka nje. Kwa Wabembe, lubunga ndipo wanaume wa kijiji walipokutana kusikiliza kesi, kupanga kazi na kurithishana maarifa. Kijana alijifunza kusema kwa kukaa kimya na kuwasikiliza wazee. Kundi la simu lina jambo moja ambalo lubunga haikuwa nalo. Mkunga mwanamke wa kituo cha mbali, ambaye kwenye baraza la wanaume asingepewa kiti, humu anasema, na daktari anamsikiliza kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona mgonjwa.

Kuna ushahidi kwamba mtindo huu unazaa matunda ukisimamiwa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Kenya, katika mtaa wa Kibera mjini Nairobi na katika kaunti ya Makueni, ambako wahudumu wa afya wa jamii na wasimamizi wao waliunganishwa kwa WhatsApp. Wasimamizi waliweza kufuatilia ubora wa kazi bila kungoja safari ya mwezi, na wahudumu wakatiana moyo wenyewe kwa wenyewe. Siri ya mafanikio ni kwamba palikuwa na msimamizi, mtu anayejulikana, anayejibu na kusahihisha.

Ushiriki huu ulianza kabla ya simu. Hapa Kivu Kusini shirika la wanawake wa vijijini Samwaki, lenye Redio Bubusa huko Walungu, lilikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya klabu za Dimitra za shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO. Wanakijiji walikutana, wakajadili shida yao, wakatafuta jibu, kisha redio ikalipeleka jibu hilo kwa kijiji kingine. Simu imeongeza kasi na imepunguza gharama ya safari. Msingi uliwekwa na wakulima na redio.

Picha ikitoka kundini

Sasa tutazame upande wa pili, nao unataka ukweli mtupu.

Septemba 2023 mpox ilianza kusambaa Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya jirani ya Mwenga, kwa aina mpya ya kirusi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Wauguzi wengi walikuwa hawajawahi kuiona, na picha zilizopita kutoka simu hadi simu ziliwasaidia kuitofautisha na tetekuwanga au upele. Lakini aina hii huambukiza pia kwa kujamiiana, na vidonda vyake mara nyingi hutokea sehemu za siri. Picha ya kidonda hicho, ikiwa na kitenge cha mgonjwa kinachojulikana, au alama iliyo pajani, au jina lake kwenye kona ya rejista, haihitaji zaidi ya dakika moja kutoka kwenye kundi la wauguzi hadi kwenye kundi la ukoo, na kutoka hapo hadi sokoni Baraka. Mwanamke huyo hatarudi kituoni. Pengine hata jirani yake hatakuja.

Kanuni ya adhabu ya Kongo inamwadhibu anayefichua siri aliyoipata kazini, na sheria ya kidijitali iliyotiwa saini Machi 2023 inalinda taarifa binafsi za raia na kuwaadhibu wanaosambaza uongo. Sheria hizo zipo. Tatizo ni kwamba muuguzi anayepiga picha hajioni kama mvunja sheria. Anajiona anaomba msaada, na kweli anauomba. Kinachokosekana ni mkono uliozoezwa. Kabla ya kupiga picha ya rejista, weka kipande cha karatasi juu ya safu ya majina. Kabla ya kupiga kidonda, ondoa kitambaa, vito na kila kinachomtambulisha mtu, usogee karibu hadi ngozi ijaze kioo. Muulize mgonjwa, tena kwa lugha anayoielewa, na akikataa eleza kwa maneno. Jibu likipatikana, futa. Hayo ni mambo ya kufundishwa kwa vitendo, kama mtu anavyofundishwa kuchoma sindano.

Hatari ya pili ni nzito zaidi kwa Fizi. Septemba 2020, Minembwe ya milimani Fizi iliposimikwa kama komuni, sauti na maandishi ya chuki yalizagaa kwenye simu, mengine yakitumwa na watu walio mbali kabisa na milima hii, wasioweza kufikiwa na risasi waliyoichochea. Oktoba mwaka huo Rais Félix Tshisekedi akabatilisha uamuzi wa komuni hiyo, ila zile sauti hazikubatilika. Mtu wa kazi ana wajibu ulio wazi hapa. Muuguzi anamtibu Mbembe, Mfuliiru, Mnyindu na Mnyamulenge kwa mkono uleule. Mwalimu ana watoto wao wote darasani. Mwandishi wa redio anawasikiliza wote. Akituma mbele sauti moja ya kutukana kabila, hata bila kuongeza neno lake, amepoteza imani ya nusu ya watu anaowahudumia, na imani hiyo hairudishwi kwa kubonyeza kufuta.

Waandishi wa redio za kijamii wanalijua jambo hili vizuri. Msikilizaji anatuma sauti kwamba kijiji fulani kimechomwa. Mwandishi mwenye haraka anairusha hewani. Mwenye ufundi anawapigia wenzake wa Mboko, wa Lulimba, wa Uvira, anamtafuta chifu, anauliza sauti ilirekodiwa lini na na nani, kisha ndipo anaamua. Kundi lilelile lililoleta uvumi ndilo linaloweza kuuvunja, mradi wenye kundi wamekubaliana kwamba hakuna kinachorushwa kabla hakijathibitishwa.

Kamera ya Uvira

Wapo wanaosema kwamba kanuni za namna hii ni anasa ya nchi zenye amani. Historia ya huku inawapinga.

Mwaka 1998 vijana wa Uvira walianzisha AJEDI-Ka, chama ambacho Bukeni Waruzi alikiongoza na ambacho kiligeukia kazi ngumu: kuwatoa watoto katika vikundi vya wapiganaji Uvira na Fizi. Wakati ule hapakuwa na simu janja. Kwa msaada wa WITNESS, shirika lililozaliwa mwaka 1992 kwa juhudi za mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, Waruzi na wenzake walijifunza kutumia kamera ya video. Filamu yao ya mwaka 2004, On the Frontlines, ililenga kwanza watu wa vijiji vyenyewe. Katika miaka ile ya vita wapo wazazi waliowatoa watoto wao kwa hiari ili walinde kijiji. Filamu ilionyeshwa vijijini, wazazi wakawasikia watoto wakieleza yaliyowapata, na mjadala ukaanza hapohapo, mbele ya picha. Mwaka uliofuata ikaja A Duty to Protect, iliyoelekezwa kwa wenye mamlaka ya haki duniani, wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imeanza uchunguzi wake Kongo mwaka 2004. Machi 2012 mahakama hiyo ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri kwa kuwatumikisha watoto vitani. Hiyo ilikuwa hukumu yake ya kwanza.

Linalonigusa zaidi katika kazi ile ni nidhamu yake. Mafunzo ya WITNESS yanamtaka anayerekodi amweleze mtu si faida ya picha peke yake, bali pia balaa lake: fikiria aliyekutesa ameiona hii, je, bado unakubali? Ikiwa hapana, uso unafichwa, sauti inabadilishwa, au kamera inazimwa. Na kazi ikiisha, inarudi kwa waliorekodiwa waione na kuijadili. Ridhaa, usalama, kurudisha: misingi hiyo mitatu ilitumika katika ardhi hii, kando ya ziwa hili, katikati ya vita, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Muuguzi wa Baraka wa leo mwenye kamera mfukoni ana urithi wa karibu, nao haufundishwi.

Mfano wa pili ni wa mawakili. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi mjini Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa waasi kifungo cha maisha kwa mauaji na mateso yaliyofanyika mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, wilaya ya Kalehe. Miongoni mwa ushahidi zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, iliyozinduliwa mwaka 2015 na Jumuiya ya Kimataifa ya Mawakili. Programu hiyo huhifadhi mahali na saa ya picha, na haimruhusu mtu kuibadilisha, hivyo hakimu anaweza kujua kwamba anachokiona ndicho kilichopigwa. Mawakili walifundishwa kuitumia kabla ya kuingia kazini. Tofauti ya picha ile na maelfu ya picha za maiti zinazozunguka kwenye simu zetu kila wiki ni mafunzo hayo. Ile ilileta hukumu. Hizi nyingine huleta hofu na kisasi.

Cha kufanya

Shule zianze. Shule za uuguzi na za ualimu zilizoko Baraka na katika wilaya nzima ziingize matumizi ya simu ya kazi katika mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi afundishwe kuuliza swali la mgonjwa kwa sentensi tano, kupiga picha isiyomtambulisha mtu, kupima jibu analopewa kabla ya kulifuata, na kutamka bila aibu kwamba hajui. Apewe alama kwa mchango wake katika kundi la kazi kama anavyopewa kwa zamu ya wodini. Mwalimu wa shule ya msingi anahitaji hayo pia. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019 madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hupata njia nzuri zaidi kwa mwenzake mwenye shida ileile. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Redio Okapi ilirusha masomo kwa kipindi cha Okapi École. Walimu wetu wanaweza kuwa watengenezaji wa masomo ya aina hiyo, si wasikilizaji tu.

Zoni za afya nazo ziyatambue makundi haya. Kila kundi liwe na msimamizi anayejulikana kwa jina na cheo, kanuni chache zilizobandikwa juu, na kundi la kutoa taarifa za wiki litengwe na kundi la kuuliza maswali. Pongezi za harusi na sala za asubuhi zina nafasi yake kwingine. Zikimiminika kwenye kundi la kazi, swali la mgonjwa anayekufa linazama. Mara moja kwa mwezi, maswali yaliyojirudia yakusanywe, yajadiliwe ana kwa ana, na jibu lililokubaliwa liandikwe kwenye daftari la kituo. Hilo la daftari ni la lazima, maana mtandao hukatwa. Tangu Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilifunga intaneti nchi nzima kwa karibu siku 20. Maarifa yaliyo kwenye simu peke yake hupotea kwa amri moja.

Gharama nayo isiachwe mabegani mwa muuguzi. Huyu ni mtu anayelipwa kidogo, wengine hawalipwi na serikali kabisa, naye ndiye anayenunua forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ili aulize dozi ya mgonjwa wa serikali. Septemba 2020 ilianzishwa tozo ya kusajili simu iliyoitwa RAM, iliyokatwa kwenye salio la mwenye simu. Ilizua malalamiko nchi nzima hadi ikaondolewa mwaka 2022. Kampuni za simu na wizara zinaweza kukaa meza moja na kuwapa wahudumu wa afya na walimu mega za kazi bila malipo. Fedha hiyo ni ndogo ikilinganishwa na safari moja ya mkufunzi kutoka mbali.

Mwisho, wapo ndugu zetu. Tangu mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa wakaishia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na baadaye maelfu wakapelekwa Marekani na kwingineko. Miongoni mwao leo wako wauguzi, walimu na mafundi wanaozungumza Kiswahili na Kibembe na kuzijua njia za huku. Simu zao zimebeba mengi kuja nyumbani: fedha, habari za misiba, na wakati mwingine maneno ya moto ya siasa. Watuletee na ufundi wao. Mkunga mmoja aliyeko ng'ambo akijitolea saa moja kila wiki kujibu maswali ya wakunga wa Ubwari na Lulenge ameifanyia Fizi kazi kubwa kuliko hotuba mia.

Hakuna katika haya linalongoja amani ikamilike wala mfadhili arudi. Mkuu wa shule anaweza kuweka somo hili kwenye ratiba ya muhula ujao. Daktari mkuu wa zoni anaweza kumteua msimamizi wiki hii. Muuguzi anaweza kuweka kipande cha karatasi juu ya jina la mgonjwa leo jioni, kabla ya kutuma picha yake ya kwanza.